Kangomba

Jina lako limeandikwa peke yake, Somoe,
jeupe juu ya jeusi, mwisho wa filamu,
watu wameshasimama wanautafuta mlango.
Nyimbo zote na vyombo vyote: Somoe Nanguka.
Vyombo vyote.
Nilikaa nikisoma mpaka wakawasha taa.

Wanne tulikuwa. Tulipiga roki pale Chuno
kwenye gereji ya baba yake Liundi,
amplifaya moja, waya umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
majirani wakidhani tunakata mabati.
Uliimba kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya Ruvuma.
Mimi ngoma. Mguu wangu wa kulia
hadi leo unakanyaga kitu kisichokuwepo
nikiwa kazini, ghalani, kwenye mizani.

Kisha akaja mtu wa filamu, na mkataba wa mtu mmoja.
Hukutuficha. "Anataka sauti tu," ulisema, "bila bendi."
Liundi alicheka. Lipande alikunja waya
taratibu, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko,
kama anayekunja kamba ya mbuzi aliyekwisha uzwa.
Mimi nilisema hongera.
Likanibabua midomo, neno lile,
kama mafuta ya ganda la korosho.

Miezi saba ulijifungia kwa shangazi yako, Mikindani,
magodoro ukutani, feni imezimwa isiingie kwenye sauti.
Walisema unatoka jasho kama mtu anayepungwa.
Sikuja. Nilipita mara mbili na baiskeli.
Mara ya pili nilikusikia ukirudia mstari mmoja,
uleule, uleule, kila mara ukishuka,
wewe ambaye hukuwahi kuimba chini ya ukelele.

Basi leo nimelipa kiingilio.
Filamu ni ya mjane wa Tandahimba
anayeuza korosho zingali maua,
kwa kangomba, bakuli kwa bakuli,
kwa kijana mwenye pikipiki na tabasamu.
Haongei, yule mjane. Maneno yake hayafiki kumi.
Kwa hiyo unaongea wewe.
Akifagia, unavuta pumzi.
Akihesabu noti, unang'ang'ania "m" moja tu
mpaka viti vinatetemeka.

Na ule wimbo mrefu, uliokulaza njaa,
wameukata. Zimebaki sekunde kumi na moja
chini ya mvua inayopiga bati.
Nikaona aibu kwa niaba yako.
Nikafurahi.
Nikaona aibu kwa kufurahi.

Halafu mjane anafika ghalani siku ya mavuno.
Wenzake wamepanga magunia. Yeye ameshika kanga.
Chini ya picha kuna mdundo,
si ngoma, ni bati dogo, kopo lenyewe la kangomba,
linapigwa kwa vidole viwili:
moja, kimya, moja-moja,
kimya kirefu kuliko inavyostahili.

Kile kimya kirefu ni changu.
Ni kosa la mguu wangu tangu gereji ya Chuno,
ulilonigombezea miaka sita,
"Unachelewa, Mchopa, unachelewa tena!"
Na wewe umechelewa palepale,
nukta ileile, bila kukosea.

Sijui kama umeniiba au umenisalimu.
Kangomba ndivyo ilivyo:
aliyeshiba anaiita wizi,
mwenye mtoto mgonjwa usiku anaiita jirani.

Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa anafuta macho
kwa pindo la ushungi, akaniuliza
nani kapiga lile bati.
Nikasema sijui.
Nikasema, huyo aliyeandikwa.

Kesho kuna mzigo kabla ya mnada.
Nitafungua ghala saa moja, nitasoma kilo kwa sauti,
karani ataandika, wakulima watabisha kama kawaida,
na chini ya meza, pasipoonekana na mtu,
nitauchelewesha mguu.
Makusudi.