Masomo

Paa lilivuja mwezi wa tatu, wakaniita niokoe karatasi:
chumba cha nyuma, masanduku arobaini yenye harufu ya panya,
mashine ya kunakili, na umeme unaokatika
kabla mtu hajamaliza sentensi.
Kupima kama mashine inasoma
niliandika jina lililokuwa karibu na vidole,
la baba, langu: Mwilambwe.
Nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi walikuwa wamefika.

Wa kwanza amepiga magoti misimu mitatu
juu ya kilima cha shaba, akihesabu ua moja la zambarau
linalokataa udongo mzuri.
Amepima mizizi, majani, hata vumbi la chavua,
kisha anakiri, ukurasa wa mwisho: sababu bado haijulikani.

Mwingine, B., amevunja mihimili mia moja na minane ya saruji
ili ajue ufa huanzia wapi.
Mwingine ameloweka mihogo, siku moja, mbili, tano,
akiwinda saa ambayo sumu hutoka.
Hakuandika kama alionja.

Kisha picha. Kioo, pembe imemeguka, 1931:
wanaume kumi na wanne mbele ya tanuru,
kila mmoja na kibao cha namba kifuani.
Nyuma ya bahasha, kwa penseli:
Mwilambwe, wa tatu kutoka kushoto.
Wa tatu kutoka kushoto aligeuza kichwa.
Ana mabega, ana namba 2217, mikono yake inaonekana hadi kucha;
mahali pa uso pana moshi.

Na moja ya studio, mtaa wa Kenya, bila mwaka:
mwanamke ameshika usukani wa baiskeli mpya
kama anayeshika mtoto wa jirani.
Mke wa Mwilambwe, wameandika.
Baiskeli imetajwa aina yake.

Niliwapanga mezani kama watu wa matanga,
nikaanza kuwatafutia undugu:
huyu wa maua ana paji letu la uso, lazima,
huyu wa nyufa ana ubishi wa shangazi.
Papa Ntambo, mwenye funguo, akacheka hadi akakohoa.
Jina ni koti la mitumba, alisema.
Unakuta tiketi ya treni mfukoni,
unadhani wewe ndiye uliyesafiri.

Kiswahili humwita wajina wangu somo,
na ninachofundishwa nacho ni somo.
Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Jioni nikampigia baba, Katuba,
redio ikinguruma nyuma yake, sahani ya bukari magotini.
Nikamsomea wote, mmoja mmoja.
Kimya. Kisha:

*Mama, ile jina tuliazimaka.
Mwenyewe alikufaka ku njia, mbele ya kufika ku kazi.
Nkambo yako akakamata kitabu yake,
akaingia nayo ku mulango.
Muzungu aliangaliaka karatasi. Hakuangalia muntu.*

Na jina letu lenyewe?

*Nkambo alilitajaka mara moja, alipokuwa na homa.
Miye nilikuwa mutoto. Nilikuwa nacheza.*

Usiku ule nilirudia kioo, nikakiinua kwenye taa.
Kichwa kiligeuka kwa nini?
Labda nzi. Labda joto la tanuru.
Labda mtu nyuma aliita jina lile lingine,
naye, kabla hajakumbuka kwamba amekufa,
akaitika.

Sababu bado haijulikani.

Nikainakili picha, nikaandika chini yake Mwilambwe,
nikabonyeza kuhifadhi.
Mashine ikajibu: jina hili lipo tayari.
Ongeza namba.
Vidole vyangu vilikaa hewani muda mrefu.
Nje, kwenye mlima mweusi wa taka za shaba,
mvua ilikuwa inaanza tena, na paa, kama kawaida,
linavuja palepale.

2217, nikaandika.
Ikapokea.