Sikio Juu ya Paa

Milima haikutani, husema watu.
Basi hao hawajafika Trenta,
ambako milima ilikutana zamani
ikaiachia mbingu upenyo tu,
upana wa shuka la kitanda cha mtoto.

Mimi, Vojka, karani mstaafu wa posta,
miaka thelathini nimegonga mihuri barua za ndege
nisiione ndege yenyewe.
Sasa nazisikia.
Si ngurumo. Namba.
Kila ipitayo hujitaja, hujitaja tena:
mimi fulani, niko hapa, kimo changu hiki,
kama mtoto aliyefunzwa kusalimia wageni
wala haulizi nani anamsikiliza.

Antena ya kwanza niliikata mwenyewe
kwa shaba aliyoiacha Rado
(alikuwa fundi simu, hakutupa kitu):
sentimita sita na milimita tisa,
fupi kuliko kidole changu cha kati.
Vipande vinne vikainama kama miguu ya buibui,
kimoja kikasimama.
Nikaiweka dirishani jikoni, kando ya chupa ya siki.
Ilinipa ndege mbili,
na makelele ya friji.

Kioo hula.
Ukuta hula, na huu wa mawe hula kwa pupa.
Kebo nayo humega, kila mita tonge lake,
hata ndege iliyoondoka Vienna nzima
inanifikia mezani makombo.
Ndipo nikajifunza ubahili:
kebo nene, fupi,
kipokezi kikalale darini
pamoja na fremu za mizinga
na popo mmoja asiyelipa kodi.

Ludvik wa ng'ambo ya mto alicheka.
Yeye alinunua.
Ufito mweupe, mrefu kunizidi,
akausimika nyuma ya mnara wa kengele.
"Kilomita mia nne," akasema, "imeandikwa kwenye boksi."
Ludvik, nikamwambia, ufito huo unatazama mbali,
unatazama upeo,
na upeo wetu ni jiwe.
Antena kadiri inavyojinyoosha
ndivyo inavyosahau kilicho utosini.
Akadhani ni wivu.
Ulikuwepo, kidogo.

Nikahama nayo kama paka na watoto wake:
bomba la moshi, ikapata masizi;
banda la kuni, mti wa jozi ukaiziba,
maana jani likilowa huwa ukuta;
kisha ncha ya paa, upande wa kusini,
shubiri tatu kushoto,
na shubiri hizo tatu zikanifungulia korongo lote
mpaka kwenye chanzo cha mto.

Jumanne ile ya Septemba
ilipanda helikopta ya uokoaji.
Futi elfu tatu. Elfu nne na mia sita.
Elfu sita na mia tisa,
ikasimama.
Nukta inayosimama angani
ina mtu chini yake.
Dakika kumi na moja nilishika kikombe
nisinywe, nisikiweke.
Kisha nukta ikateleza nyuma ya mwamba
na kioo kikabaki na mistari yake mitupu.

Simu ikalia. Ludvik.
"Kwangu hakuna kitu. Kwako?"
Ilikuwepo, nikamwambia. Mpaka pale kwenye mwamba.
Kimya. Mpwa wake hupanda huko,
na wa Marinka, na nusu ya kijiji.
"Nakuja kukushikia ngazi."

Sikio halipiti kichwa;
langu lilikuwa limeshapita paa
na bado halikutosha.
Nikapanda na spana mfukoni, tochi mdomoni,
Ludvik chini ameng'ang'ania ngazi kwa mikono yote miwili,
nikalegeza nati, nikasogeza vidole viwili mashariki,
vidole viwili tu, nani ajuaye,

ndipo tukaisikia,
kwa masikio haya mengine, ya nyama:
inashuka bondeni, nzito, polepole,
kama gari lililobeba mayai.
Ludvik alisema, "Polepole ni vizuri, sivyo?"
Nati ilikuwa bado mkononi mwangu.
Ilikuwa baridi. Nikaikaza.