Vali Inayodondoka

Umenipigia simu saa nane mchana, Bwana Shekuwe,
kunambia paa la kliniki linalia.
Tone, ukasema. Tone. Kisha tone.
Na vijana wa Changamwe wameshapanda ngazi
na plagi ya chuma mkononi,
wanakuomba nusu dakika tu wainyamazishe.

Usiwape hiyo nusu dakika.

Natoka Kisauni sasa hivi, ila sikiliza:
hiyo ni vali ya usalama.
Maji yakipata moto hutanuka,
hayana adabu ya kukaa yalipowekwa,
na yakikosa mlango hujitobolea.

Mlango wa aina hiyo nimeuona.
Nilikuwa bado nambebea spana fundi Ndurya,
Majengo, ghorofa ya nne.
Mwenye nyumba aliziba vali kwa kijiti na tepu
kwa kuwa marumaru yake mapya yalikuwa yakilowa.
Tangi likapasua dari, likapasua na paa,
tukalikuta juu limelala chali kati ya kamba za nguo,
na kanga moja ingali imebanwa na kibanio chake.
Hakufa mtu. Ilikuwa Ijumaa, saa ya swala.
Ndurya hakunena neno. Aliiokota vali, akanipa.
Mpaka leo naikalisha juu ya karatasi zangu zisipeperuke.

Ulinicheka tulipoanza, wakumbuka?
"Maji moto, Mombasa? Huku hata kivuli chatoka jasho!"
Nikakwambia wodini mna vitoto vya siku moja,
na vijidudu hupenda maji ya uvuguvugu
kama mvivu apendavyo kitanda.
Basi tangini nyuzi sitini, zisipungue;
na kabla ya mfereji wa kuogeshea, vali ya kuchanganya
iyashushe hadi thelathini na nane,
asiungue mtu.
Bi Umazi, mkunga, alichovya kiwiko kwenye beseni,
akakiacha humo kitambo,
akasema, "Haya. Huyu ajua."
Cheti kikubwa kuliko hicho sijapata.

Ukalalamika bei ya mabomba.
Maji ya kisima cha Tudor yana chumvi, Bwana,
chuma huyatafuna kama mkate wa mofa.
Ukalalamika sponji niliyoyavisha:
"Bomba nalo lasikia baridi?"
Halisikii. Bili yako ya stima ndiyo ingesikia.

Nimefika. Nimepanda. Bati lachoma kama kikaango.
Nakiri: inadondoka kupita kiasi.
Lakini vali si mgonjwa;
inasema ugonjwa wa mwenziwe,
lile tangi dogo jekundu lenye tumbo la mpira,
limeishiwa pumzi, limeshindwa kuyapokea maji yanayotanuka.

Nikafunga maji, nikatoa presha,
nikamwazima mlinzi pampu ya baiskeli.
Naam, ya baiskeli.
Vijana wa Changamwe wakacheka,
kisha mmoja akavua kofia, akasema, "Nipe, dada, nipige mimi,"
na akapiga, jasho likimdondoka puani,
tone, na tone,
huku mimi nikitazama mshale wa geji ukipanda polepole.

Nikafungua maji. Tukangoja.
Vali ilitoa tone moja zaidi,
kisha ikanyamaza yenyewe,
kama mtu aliyesikilizwa.

Ile plagi nimeitia mfukoni.
Wasikudai pesa yake.