Daftari la Madeni

Karani alikufa Jumanne, saa ya kuanua dagaa.
Pikipiki ya barafu haikusimama.
Nilimfunga kwenye kanga iliyochanika pindo,
nikamzika nyuma ya stoo
kwa jembe la kuazima.

Kibirizi hatuweki matanga ya paka.
Mwavita alinipa pole huku akibana kicheko:
"Si utapata mwingine? Mwalo mzima umejaa paka."
Nikasema kweli.
Nikaendelea kuchambua dagaa.

Usiku nikafungua daftari la madeni.
Ukurasa wa mwisho una unyayo wake,
vidole vinne na kiganja, vya tope,
juu ya jina la Mpozayo:
sado mbili, hajalipa tangu giza la mwezi uliopita.
Ndiyo maana tulimwita Karani.
Palipofunguliwa hesabu ndipo alipokaa,
mkia juu ya kalamu.

Maombolezo sijui yanavyoandikwa.
Najua kuandika anayedaiwa.
Nikapiga mstari, nikaanza:

Karani. Dagaa wa kuiba, miaka saba, hawahesabiki.
Mgebuka mmoja, wa wageni, siku ya Idi.
Kiti cha sebuleni, kimekwaruzwa mguu.
Usingizi wangu wa alfajiri, mara nyingi.

Nikajumlisha. Jumla ikakataa.
Nikageuza ukurasa, nikaandika upande wangu:

Mimi. Nadaiwa panya wote wa stoo.
Nadaiwa masika yale Bukuru alipovuka ng'ambo
na simu yake ikaacha kuita;
nani alilala juu ya miguu yangu
mpaka ikapata moto?
Nadaiwa teke moja, la hasira za biashara.
Nadaiwa mlango niliousahau wazi
Jumanne

Hapo kalamu ilisimama.
Sikulia kwenye kaburi. Nililia kwenye hesabu,
na wino ukatambaa hadi safu ya shilingi.

Tangu hapo, kila usiku, mstari mmoja.
Jana: alivyopiga chafya akinusa pilipili.
Leo sijapata kitu. Nimeandika tarehe tu.

Juzi Mpozayo kaja kulipa, noti zinanuka mafuta ya taa.
Akataka nifute jina lake, kama desturi, mbele ya macho yake.
Nikamwambia pesa nimepokea, jina silifuti.
Akakunja uso: "Unataka nilipe mara mbili?"

Nikaandika pembeni, herufi ndogo, mbali na tope:
amelipa.