Pijo Bila Kikohozi

Tuliing'oa injini gereji ya Kariobangi,
miaka thelathini na mbili ya kukohoa,
ikaning'inia kwenye mnyororo ikidondosha oili,
Fundi Odera akiipangusa
kama anayeosha maiti.

Betri zimelala chini ya mbao
palipokuwa pakinuka dizeli na maziwa yaliyochacha.

Saa kumi na moja alfajiri, Huruma:
hakuna mbwa aliyebweka,
dirisha la Mama Kerubo halikufunguka.
Aliamshwa na mngurumo wangu tangu Kerubo hajaota meno;
leo watoto wamekwenda shule na strungi.

Akanipigia simu, sauti ya usingizi: "Umekufa?"

Jioni nikanunua kengele Gikomba, ya ng'ombe,
nikaifunga kwenye kioo cha pembeni.
Odera alicheka hadi akaangusha spana.
"Sasa ndiyo gari la maziwa."