Nati ya Arobaini na Mbili

Habari yenyewe ilipita kwenye runinga ya Bakshi,
barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
sauti imezimwa, watu wanabishana kuhusu Coastal:
mzee wa Kijapani, suti nyeusi, kipara kinang'aa,
anainama mbele ya kamera
na hainuki.
Nikahesabu. Sekunde kumi na tatu.
Kahawa ikanipoa mkononi.
"Huyo ni Moriwaki," nikasema.
"Moriwaki gani?"
"Wa mabomba."

Alikuja Tanga mwaka wa sabini na tisa,
mwembamba kama ufito,
kapangiwa Idara ya Maji, na mimi ndiye fundi wake,
au yeye ndiye fundi wangu, hatukuwahi kuafikiana.
Kiswahili alikiokota Makorora, kwa Bi Mwanakombo wa vitumbua,
ndiyo maana hadi anaondoka
alimsalimu Mkuu wa Mkoa, "Hujambo, mwanangu?"

Alikuwa na daftari. Kila kitu daftarini:
valvu, geji, mpira wa kuzibia, mvua ya jana.
Siku tulipoifungua pampu tukaitandaza kwenye turubai,
nati arobaini na mbili.
Kuifunga, arobaini na moja.
Akapiga magoti topeni tangu saa nne hadi adhuhuri ikapita,
anachambua kokoto kama mchele wa harusi.
"Bwana, nati moja tu. Pampu itazunguka."
"Itazunguka," akasema. "Mimi sitalala."

Waja leo, waondoka leo.
Akaondoka. Zikaja barua.
Ameoa.
Amekuwa diwani wa mji ambao theluji hufika madirishani,
anazunguka na baiskeli, glavu nyeupe mikononi,
anawapungia hata wasio na kura, hata ng'ombe.
Kisha mbunge, kwa kura mia na kumi na moja za ziada
(kazihesabu mwenyewe, naapa).
Kisha akaanguka. Miaka minne akauza bima.
Kisha mbunge tena, naibu waziri wa kilimo,
kisha kimya cha miaka tisa,
kisha picha: ngazi yenye zulia jekundu,
wanaume kumi na wanane kwenye makoti yenye mikia, mwanamke mmoja,
na yeye safu ya nyuma, nusu ya uso imemezwa na bega la mtu.
Mgongoni mwa picha: "Kilua, mimi Waziri wa Mito.
Hujambo, mwanangu?"
Mke wangu akaitia fremu, akaiweka juu ya friji.

Miezi saba.

Mpwa wangu alinisomea kwenye simu:
ofisi ilipokea fedha, risiti hazionekani,
karani anasema mzee hakujua,
mzee anasema kutojua ndiko kosa lenyewe.
Pale kwa Bakshi wakaibadilisha ile fedha kwa shilingi.
"Hizo tu? Hizo huku ni chai ya kikao!"
Kicheko hadi barabarani.

Mimi sikucheka.
Nati ile nilikuwa nayo mimi.
Mfuko wa kulia wa ovaroli, ndani ya tambara.
Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilikuwa linayumba,
na mwaka ule dukani hapakuwa na kitu, hata sabuni kwa kibali.
Nikaipiga tupa usiku hadi ikakubali.
Nilimtazama akichambua kokoto, nikajisemea,
kwao kuna viwanda, atapata nyingine.

Jana nilikwenda posta na bahasha.
Nimeandika jina. Chini ya jina kalamu ikakwama:
aliyekuwa Waziri.
Na mtu akishakuwa "aliyekuwa", anakaa mtaa gani?

Karani akaitikisa bahasha. Ikagonga.
"Nini hiki, mzee?"
"Hesabu," nikamwambia.
"Wewe pima tu."