Taa Namba 412

Ostrava, Novemba. Tramu ya mwisho imekwishapita,
nami, muuza dawa wa zamu ya jioni,
nimevua koti jeupe linalonuka sharubati ya kikohozi,
nikaketi mbele ya kompyuta kuomba kazi isiyo na ujira.

Mchezo wenyewe una miaka kumi na tisa.
Waliouunda wameshausahau; mashabiki wanauongezea bonde.
Milima wanayo, mto wanao, na kanisa lenye kengele.
Hawana wa kuwatia wakazi maneno kinywani.
Uzoefu? fomu ikauliza.
Nikaandika: huwaeleza wazee vidonge humezwa mara ngapi.
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikatuma vivyo hivyo.

Eskil, mkuu wa waandishi, yuko Bergen kwenye mvua zake.
Alijibu usiku uleule: "Nipe msako mmoja mdogo.
Mtu ana shida, mchezaji anapita. Basi."
Basi! Kana kwamba shida huja mojamoja.

Nikajaza kurasa nane. Msagaji wangu alilia,
akasimulia ndoa, ukame, deni la babu yake,
na paka.
Zilirudi zikiwa zimebaki sentensi nne,
nyingine zote zimezama kwenye wino mwekundu, na pembeni:
"Mchezaji ana upanga mkononi na kidole juu ya kitufe.
Mpe sababu ya kuingoja sentensi ya pili."
Nilinuna siku mbili, mimi ambaye kila jioni dirishani
huwakatiza wateja hadithi zao za magoti.
Mkuki kwa nguruwe.

Siku ya tatu nikamkumbuka baba.
Mgodini kila mtu alikuwa na taa yake, na taa namba yake;
ukitoka shimoni unairudisha, nao wanajua u hai.
Siku walipoufunga mgodi, baba alikuja na yake chini ya koti.
Alisema amesahau. Hakuwa mtu wa kusahau.

Basi nikamweka mzee kwenye lango la bonde,
nikampa taa, na maneno haya tu:
"Nirudishie. Wanadhani ningali chini."

Kisha yakaja matawi. Mchezaji akikubali. Akikataa.
Akija usiku. Akiwa ameshamuua mzee kabla ya salamu.
Akija uchi, na kofia ya chuma kichwani
(hufanya hivyo, Eskil aliniapia).
Nikachora mishale hadi karatasi ikafanana na nyavu za buibui mlevi,
nikadhani nimeziba kila tundu.

Domokos wa Pécs, miaka kumi na sita, ndiye aliyejaribu kwanza.
Dakika sita tu, akaleta ripoti:
"Taa nimemuuzia mchuuzi wa daraja. Sarafu tatu.
Hii ni hitilafu, au makusudi?"

Nilitazama rafuni.
Palipokaa taa ya baba pana redio.
Niliiuza mwenyewe mwaka wa kwanza chuoni,
kwa bwana mmoja wa vitu vya kale, nyuma ya stesheni;
akanipa bei ya viatu, na vilikuwa vizuri, havikuvuja.
Baba hakuuliza. Alipangusa vumbi pale pa wazi,
akaendelea kupangusa kila Jumamosi.

Nikamjibu mtoto wa watu: makusudi.

Saa nane za usiku nikafungua tawi jipya,
la mchezaji anayerudi mikono mitupu.
Sikumpa mzee hasira. Nilijaribu kumpa, ikakataa kukaa.
Anatazama miguu ya mgeni, kisha anasema:
"Walau ulipata viatu?"

Asubuhi Eskil aliandika kwamba mchezo hauna viatu vya sarafu tatu.
Halafu: Ilinca, anayerekodi sauti huko Iași,
anauliza kama "walau" inaweza kuondolewa,
kila akifika hapo inamkwama kooni.

Nimeiacha.
Viatu watavitengeneza.